Shavu la Kushoto

Siku mume wake alipoanza kumpotea, hakwenda popote. Alikuwa kazini, ameketi kwenye kigoda chake katika karakana ya meno ya bandia nyuma ya kliniki, anachonga nta. Kisu kikamponyoka. Akacheka, akainama kukiokota, asiinuke. Wenzake wakadhani ni mzaha mwingine, maana kwa mizaha Fundi hakuwa na mpinzani. Mmoja hata alimwambia, "Ukikipata, nitafutie na changu." Ndipo walipoona mate yanamtoka upande mmoja wa mdomo.

Mke alipofika wodini alimkuta macho wazi, uso umeshuka kushoto kama pazia lililong'oka ndoano. Alimwita. Fundi aligeuza jicho, akatoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya kulala kitanda kimoja.

"Mama, mshukuru Mungu, yupo," nesi akamwambia.

Ni kweli, alikuwepo. Lakini yule aliyetoka nyumbani asubuhi akinung'unika kwamba soksi yake haina mwenzake hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Aliyerudi, baada ya wiki kadhaa, alibebwa na watu wawili hadi sebuleni, mkono wa kushoto ukining'inia kama wa kuazima.

Kiharusi hakikumshika Fundi mguu na mkono tu. Kilimshika na taya. Yeye ambaye riziki yake yote ilikuwa mataya ya watu! Alikuwa akimimina plasta kwenye vipimo vya midomo ya wagonjwa, anapata taya jeupe kavu mkononi, kisha analijengea meno. Hata harusini hakuacha kazi. Alikuwa akimtazama bwana mmoja anatafuna nyama, kisha anamnong'oneza mkewe, "Huyo naye ataletwa kwangu. Mpe miaka mitano." Mkewe alikuwa akimfinya chini ya meza. Sasa yeye mwenyewe hakujua chakula kimekaa wapi mdomoni mwake.

Ni pale wodini ndipo alipowajia daktari wa meno, binti mwembamba mwenye miwani, anayefanya utafiti. Alimwamkia mke kwa heshima, akavuta kiti, akaeleza bila haraka.

"Tunataka kujua mambo mawili, mama. La kwanza, mfupa wa taya unakuwaje upande ambao hautafuni tena. La pili, mtu aliyepata kiharusi anabaki anaweza nini na hawezi nini. Halafu tuone kama mambo hayo yanakwenda pamoja."

"Na mkishajua?"

"Bado hatujajua, mama."

Mke akampenda kwa jibu hilo. Tangu aingie hospitali ile, huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba hajui. Akakubali, na Fundi akakubali kwa kidole gumba cha kulia. Siku ya kupigwa picha ya taya, walimweka kidevu juu ya kibao, mashine ikazunguka kichwa chake taratibu, ikinguruma. Fundi akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Picha za mashine ile alikuwa akiletewa mezani kwake miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kuketi ndani yake.

Dada yake Fundi, ambaye alikuwa akishinda nao siku nyingi, aliposikia kwamba mfupa usiofanya kazi huenda ukapungua, alipiga makofi. "Basi mimi nitazikwa na taya la chuma. Mdomo wangu haujawahi kupata likizo!"

"Hilo halihitaji utafiti, wifi," mke alimjibu.

Utafiti uliwaletea mtu wa mazoezi. Alikuwa bwana mnene wa makamo, anayetokwa jasho hata asubuhi na kuzungumza na mgonjwa kama wanaocheza karata. Alimtembeza Fundi kutoka kitandani hadi dirishani. Alivaa glavu, akamtia kidole gumba ndani ya shavu lililolala, akalisukuma na kulivuta. Alisokota kitambaa safi kikawa kama kijiti, akakiweka kwenye magego ya kushoto. "Uma, Fundi. Uma kama unamuuma mdeni wako." Fundi aliuma. Miezi ilipita, na kutoka uji wakafika viazi vya kupondwa, kutoka viazi wakafika mkate laini. Maneno yakaanza kurudi pia, moja moja, kama wageni wasiojua njia.

Kwa mke, bwana yule alikuwa zaidi ya mazoezi. Siku alizokuja, mke aliweza kuketi. Siku nyingine alikuwa anamgeuza mume, anamwosha, anabadilisha mashuka, anafua, anaanika, anaanua, na kabla hajakunja la mwisho, la kwanza limeshalowa. Mgongo ulimuuma mahali ambapo hakujua kama ana mgongo. Hakulalamika. Angemlalamikia nani?

Mpango wa utafiti ulikuwa wazi tangu mwanzo. Baada ya nusu mwaka daktari angekuja nyumbani kumpima ulemavu wake kwa daraja, kuanzia sifuri hadi sita. Sifuri ni mzima kabisa. Mbili ni mtu aliyebaki na upungufu lakini anajitunza mwenyewe. Tatu anahitaji kusaidiwa.

"Na sita?" wifi aliuliza.

"Sita ni marehemu," daktari alimjibu.

"Loo! Nanyi mnampa marehemu namba?"

Wenye tatu kwenda juu wangeendelea na mazoezi kwa nusu mwaka mwingine. Wenye mbili wangeachwa, maana watu wa mazoezi walikuwa wachache na wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri.

Wiki ya kupimwa ilipokaribia, mke aliona kaka na dada wana jambo. Mlango wa chumbani unarudishwa, wanacheka chini chini. Asubuhi moja aliingia na beseni, akamkuta mumewe ameketi kitandani, shati la bluu mabegani, vidole vya kulia vinahangaika na kifungo. Wifi amepiga magoti mbele yake kama kocha.

"Tunamwandalia daktari," wifi alisema. "Kaka hataki kuonekana goigoi."

"Baba," mke alimwambia mumewe, akaliweka beseni chini, "ukipewa mbili, yule bwana haji tena."

Fundi hakuinua macho kwenye kifungo. "Mi-mi si ta-tu."

"Si aibu kuwa tatu."

"Si ta-tu."

Mke aliinua beseni lake. Alijua mazoezi yale yanamgharimu nini mumewe. Akishafunga shati lile asubuhi, mchana hakuweza hata kushika kijiko. Alilala kama gogo hadi jua lilipokuchwa, na alipoamka shuka lilikuwa la kufuliwa.

Daktari alikuja asubuhi na mapema, mkoba begani. Fundi alikuwa amenyolewa ndevu na kupakwa mafuta, anang'aa. Alipoulizwa kama anavaa mwenyewe, alinyoosha mkono wa kulia na dada yake akampa shati. Kifungo cha kwanza, cha pili. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mke alijikuta ameshika kifungo cha gauni lake mwenyewe, anakizungusha. Cha mwisho kilipoingia tunduni, wifi alipiga makofi, na daktari naye akapiga.

Fundi akatembea hadi dirishani na kurudi. Akataja siku, mwezi na jina la mkewe. Akapewa kipande cha mkate, akatafuna, akameza, akainua kidevu kama bwana harusi anayepigwa picha.

"Mzee, hongera sana," daktari alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Ningekukuta wodini ukiwa hivi, nisingekuandikisha. Kwangu mimi hii ni mbili."

Fundi alimgeukia mkewe. Uso wake wote, hata ule upande uliolala, ulikuwa unacheka. Mke hakuwa ameuona uso ule tangu asubuhi ya soksi, na alitamani ukae hapo. Aliona pia siku za mbele, za yeye peke yake na mashuka na shavu lile, bila mtu wa kulisukuma, hadi taya lijifunge na warudi kwenye uji.

"Daktari," alisema. "Mwangalie shavu la kushoto."

"Samahani, mama?"

"Ndani. Tafadhali."

Fundi alifumba mdomo. Daktari alivaa glavu, akamwomba kwa upole, "Mzee, fungua kidogo tu." Fundi alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akafungua. Daktari alivuta shavu kwa kidole, akachungulia. Mkate ulikuwa pale, kati ya shavu na fizi, karibu wote, umelowa na kukaa. Fundi hakujua kwamba upo. Alikuwa amemeza mate.

"Kila siku namtolea mimi," mke alisema. "Asipotolewa utamwendea kwenye pumzi. Na hilo shati, daktari, rudi mchana uone kama ataweza kulivua."

Daktari aliutoa mkate polepole, akaufunga kwenye karatasi laini. Akavua glavu.

"Ni tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Mazoezi yataendelea, mzee. Na hili la shavu nilipaswa kuliangalia mwenyewe."

Fundi aligeuza uso ukutani.

Jikoni, wifi alimvaa mke kabla daktari hajafika barabarani. "Umemvua nguo kaka yangu mbele ya mtoto wa watu."

"Alikuwa na mkate mdomoni."

"Ungeutoa akishaondoka!"

"Na akipaliwa mwezi ujao? Utautoa wewe?"

"Niutoe, kwani sina mikono?" Wifi alichukua sahani akaanza kuisugua, na sahani yenyewe ilikuwa safi. Baadaye aliongeza, bila kugeuka, "Alijiandaa wiki nzima, wifi."

"Najua. Nilikuwepo."

Jioni ile mke alipeleka kikombe cha uji. Fundi alifumba mdomo. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa kijiko, kwa maneno, hata kwa mzaha ambao haukumtoka vizuri. Mdomo haukufunguka. Wifi alipokichukua kijiko, ulifunguka.

Mtu wa mazoezi anakuja Jumatatu na Alhamisi, na anasema taya la kushoto linaanza kuuma kwa nguvu. Wifi amehamia kwao kabisa, analala chumba cha wageni. Mke anapika, anaifikisha sahani mlangoni, na wifi ndiye anayemlisha.