Viti Vyote Hivi

Nimechoka kuulizwa. Mtu analeta kochi lake limepasuka, sponji inachungulia nje, na badala ya kuniambia anataka kitambaa cha rangi gani, ananiuliza kwanza kwa nini mwanangu nimemtoa shule ya serikali. Nikimwambia ni mambo ya nyumbani, anacheka. "Ya nyumbani, au ya mama watoto?" Halafu anataka nimpunguzie bei, maana mwenye mtoto wa basi la njano hawezi kuwa na shida ya hela.

Hela naitoa wapi mimi? Lakini ukishapeleka mtoto shule ya kulipia, umekwisha. Ukivaa shati jipya, unaringa. Ukivaa la zamani, unabana matumizi ili baadaye uringe vizuri. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yangu, siku hizi ananiita Mheshimiwa. Basi likisimama asubuhi anasimama wima na kupiga saluti kwa brashi ya viatu, na dereva naye, kwa kukosa kazi, anamjibu kwa honi. Mtaa mzima unajua Mheshimiwa anasindikiza mtoto. Mwanzoni nilikuwa nacheka naye. Sasa hivi nageuza uso tu.

Ya mtaani ningeyavumilia. Shida ni kwetu, kwa ndugu zangu, kwa sababu shule niliyomtoa mtoto ndiyo anayofundisha dada yangu, na darasa nililomtoa ni la kwake.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alipotutoka yeye mwenyewe alikuwa bado binti wa shule, lakini alinipikia, akanifulia, na jioni alinishika mkono na kunifundisha kuandika jina langu. Alikuja kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mkali, msafi, mtu asiyependa mzaha na kazi. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la baba yetu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Mzee, ingawa meno ya mbele yameng'oka na mapya bado hayajaota. Dada alikuwa akimwita "baba," tangu akiwa mchanga, na akimbeba ilikuwa vigumu kumpokonya. Basi Mzee alipofikia umri wa kuanza shule hatukuwa na la kujiuliza. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake, kuna salama gani kupita hiyo?

Kuna jambo moja inabidi mlijue. Zamani kidogo, wazazi fulani walimshitaki dada kwenye kamati ya shule, wakisema anapendelea mtoto wa rafiki yake. Walichunguza, hawakuona kitu, wakamwachia. Lakini neno lile lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Kwa hiyo siku ya kwanza alimwinamia Mzee mlangoni mwa darasa, mimi nikisikia, akamwambia, "Ukishavuka hapa mimi ni mwalimu. Shangazi yako umwache nje." Nikamsifu. Nilisema huyu ndiye mwalimu.

Baadaye mwalimu mkuu aliniita nikashone upya viti vya ofisini kwake. Nikapita dirishani mwa darasa la dada na mfuko wangu wa vifaa, nikasema ngoja nimwone Mzee. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, na waliokosa dawati walikuwa sakafuni. Mzee alikuwa sakafuni, nyuma kabisa, pembeni mwa mlango, daftari juu ya magoti. Sikuona ubaya. Wenzake pia walikuwa chini. Dada akauliza swali, "Nani anajua?" Mkono wa Mzee ndio uliotangulia. Dada akapitisha macho mstari kwa mstari, yakafika kwa Mzee, yakamruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Akamchagua mwingine, huyo akakosea. Akauliza tena, akamchagua mwingine tena. Nilisimama pale mpaka mwanangu alipoushusha ule mkono na kuanza kuchezea kamba ya kiatu.

Mke wangu alikuwa ameshaona kitu kabla yangu. Yeye anauza kwenye duka la dawa, na Mzee huwa anamsomea maandishi ya kwenye maboksi bila kukwama. Lakini daftari lake la shule lilikuwa halina alama. Dada alikuwa akisahihisha la Mzee mwisho, ili pasiwe na wa kusema, na mara nyingi kengele ilikuwa inalia kabla hajalifikia. Wale wengine wa sakafuni walikuwa wakipokezana madawati na wenzao. Mzee zamu yake haikuwahi kufika.

Nilimwendea dada. Nilimwuliza kwa upole tu, mbona mtoto yuko chini siku zote.

"Unataka niitwe tena kwenye kamati?" akaniuliza. "Mle darasani mimi sina ndugu. Kaulize mzazi yeyote kama ana neno juu yangu siku hizi."

Aliyasema hayo akitabasamu, kama mtu aliyekutendea hisani na anasubiri ahsante. Nilirudi nyumbani nimenuna, na sikujua nimemnunia nani.

Kumhamishia Mzee darasa la jirani, mwalimu mkuu angeuliza sababu. Shule nyingine ya serikali iko ng'ambo ya barabara kubwa ya malori, na nayo ilitaka barua yenye sababu. Shule ya kulipia hawakuuliza sababu. Waliuliza tutalipa lini. Mke wangu akaomba zamu za jioni dukani, mimi nikaanza kupokea hata magodoro, tukampeleka.

"Mwambie dada yako ukweli," mke wangu aliniambia. "Mficha uchi hazai."

Nikamwomba anyamaze. Nilimwambia dada hana mume, hana mtoto, ana hilo moja tu la kujivunia, kwamba yeye ni mwadilifu. Nikimnyang'anya hilo nimemwachia nini? Mke wangu akasema sawa. Hatukumwambia mtu kitu, na watu wakajitungia sababu yao wenyewe. Sababu yao ikawa mke wangu. Anajisikia, anapenda makuu, amenikalia kichwani. Ndugu tulipokutana kwa baba mdogo, mwenyewe alitangaza mbele ya wote kwamba mwanamume anaweza kutawaliwa mfuko lakini si akili. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo karibu, anasikia kila neno. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ndipo wiki iliyopita dada akaja.

Alikuwa hajakanyaga kwangu tangu tumtoe mtoto. Alikuja mchana, na mkoba wake wa madaftari, akaingia karakana, ambayo kusema kweli ndiyo sebule yetu pia. Nilikuwa na kazi nyingi, chumba kimejaa makochi na viti vya watu. Akataka kukaa kwenye kochi jekundu.

"Hilo hapana, dada. Mguu umepasuka."

"Mbona zima?"

"Kitambaa hicho. Mwenyewe hakutaka nibadilishe mbao, alitaka nilivishe tu. Kaa hili la kijani."

Akakaa. Alikuwa amekonda. Akaniuliza habari za kazi, nikamwuliza habari za shule, na tukabaki hivyo, ndugu wa tumbo moja tunaulizana habari kama watu waliokutana kwenye foleni. Kisha akalitoa lililomleta. Wamempendekeza awe mwalimu mkuu msaidizi. Alikuwa amelingojea hilo maisha yake yote ya kazi. Lakini mzazi mmoja amesimama kwenye kikao na kuuliza, tutamwaminije mwalimu ambaye hata ndugu yake amemkimbizia mtoto kwingine? Wengine wakapiga makofi.

"Walimu wenzangu ndiyo usiseme," akasema. "Nikiingia ofisini wanaulizana habari za basi la njano. Nimevumilia. Lakini hili la kikao siliwezi. Jumamosi wazazi wanakutana tena. Nataka uje usimame uwaambie sababu. Wewe ni mdogo wangu. Kama nilimkosea mtoto, sema. Kama sikumkosea, sema vilevile."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Iliwekwa mbele yangu kama sahani. Ningeweza kusema taratibu, dada, ulimpenda mpaka ukaogopa kumtazama. Nilifungua mdomo, nikaona zile nywele zake zilizoota mvi juu ya masikio, nikakumbuka mkono wake juu ya mkono wangu nikiandika jina langu.

"Hukumkosea," nikasema. "Ni mke wangu. Anapenda mambo ya kizungu, basi. Nitakuja niwaambie hivyo."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani na trei ya chai. Sijui alifika saa ngapi, ila alifika mapema ya kutosha. Akaja, akaweka trei juu ya kigoda, akamimina kikombe cha dada kwanza.

"Ni kweli, wifi," akasema. "Mimi ndiye napenda makuu. Waambieni tu, nimeshazoea."

Hakupandisha sauti. Akarudi ndani, na nilisikia akivuta kiti jikoni na kukaa. Kama angenitukana ningepata pa kushika. Nimekuwa na mke yule miaka yote hii, kafanya kazi mpaka miguu imemvimba kwa ajili ya ada, na mimi nimemtoa mbele ya wifi yake kama takataka. Nilijisikia vibaya, na bado sikuweza kuinuka kumfuata, kwa sababu dada alikuwa anakunywa chai na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza.

Basi likapiga honi nje. Fundi viatu akapaza sauti, "Mheshimiwa, mali yako imefika!" Mzee akaingia mbio, soksi moja imeshuka, anaimba kitu walichofundishwa. Akamwona dada. Wimbo ukakatika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Mwalimu yuko wapi hapa? Hapa mimi si shangazi yako?"

Mzee alivua begi mgongoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akakaa sakafuni pembeni ya fremu ya mlango, akakunja magoti na kuweka begi juu yake. Macho aliyaweka chini.

Nyumbani hakuwa na tabia hiyo. Nyumbani huyu mtoto anaruka juu ya makochi ya wateja mpaka namfukuza na kipimo cha mbao.

Dada akacheka kidogo. "Sasa huko ni wapi? Viti vyote hivi alivyotengeneza baba yako, wewe unakaa chini?"

"Hapa ndipo pangu, mwalimu," Mzee akasema.

Alisema kwa adabu kabisa, kama anamwelekeza mgeni choo kilipo. Dada akakirudisha kikombe kwenye trei. Akamtazama mtoto, akatazama mlango, akatazama tena yale magoti na begi juu yake. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua kila mtoto wake anakaaje. Aliponigeukia mimi sikuwa na la kuficha tena.

"Ndiyo hii?" akaniuliza. "Ndiyo hii sababu?"

Nikainama kuokota misumari ambayo haikuwa imeanguka.

Mke wangu akatoka jikoni. Sidhani kama alitoka kwa ushindi. Alitoka kwa sababu mtoto alikuwa sakafuni.

"Wifi," dada akamwambia, "siku zote hizo watu wanakusema, kumbe ulikuwa unanisitiri mimi?"

"Aliyekusitiri ni mdogo wako," mke wangu akasema. "Mimi nilikuwa kitambaa tu."

Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli, na kila pigo lilikuja mpaka ndani. Nilitaka dada alie, au anitukane, au ainuke aondoke zake, chochote tungekielewa. Lakini dada hajui kuomba radhi kwa maneno, hata mimi hajawahi kuniomba. Anajua kufundisha. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza chenye jalada lililochakaa, akakifungua magotini, akajiweka sawa kwenye kochi la kijani.

"Jumamosi usije," akaniambia bila kunitazama. "Nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Kisha akainua uso, akauliza kwa sauti ile ya darasani ambayo naijua tangu utotoni. "Haya. Nani atanisomea ukurasa huu?"

Mzee aliinua mkono. Ulifika begani, ukasita, akaushusha taratibu na kuuweka juu ya begi.

"Wewe," dada akasema. "Wewe, baba. Nimekuchagua wewe."

Mzee akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani aliyeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta.