Shibiri Moja ya Bomba

Shirika la kwanza lilijenga tangi. La pili likalaza bomba hadi zahanati. La tatu likafunga koki wodini, zikang'aa kama meno ya bwana harusi, kavu. Kati ya tangi na bomba ilibaki nafasi ya shibiri moja, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wa yeyote.

Miezi saba fundi bomba wa zahanati aliipita akisonya. Mkewe alifia wodi ileile, kidonda cha upasuaji kikiwa kimeoza, wauguzi wakigombania ndoo moja ya maji. Sasa binti yake alikuwa amelazwa humo, siku zake za kujifungua zimetimia.

Alimwendea mratibu, kijana aliyeletwa kuyaratibu mashirika yale matatu.

"Vuta subira, mzee wangu. Kikao ni tarehe ishirini."

"Na huyo mtoto tumboni nimwambie angoje akidi?"

Mratibu akaandika kitu. Hao kuandika hawajambo.

Asubuhi iliyofuata fundi alikata kipande cha bomba la plastiki la bafuni kwake. Tundu la tangi lilikuwa pana na bomba jembamba, maana walionunua hawakuulizana. Basi akakipasha mdomo mmoja juu ya makaa, ukalainika, akaupanua, akaunga, akakaza, akaachia maji ya tangi.

"Baba," binti aliita dirishani, "koki imekohoa."

Ikakohoa tena, ikatapika kutu, kisha maji.

Kesho yake saa nne mratibu alifika na maofisa watatu, mmoja wa kila shirika, viatu safi.

"Mzee, umeunga bila idhini. Fungua."

Fundi akamnyooshea spana. "Kazi yangu kuunga. Kufungua, fungueni wenyewe."

Mratibu akaipokea, akamnyooshea ofisa wa tangi.

"Sisi mwisho wetu ukutani mwa tangi."

Wa bomba akarudi nyuma hatua moja. "Sisi tunaanzia pale chini."

Wa koki alikuwa ameshaingia kwenye gari.

"Wewe je, bwana mkubwa?" fundi akauliza.

"Mimi naratibu tu. Sigusi." Mratibu akaiweka spana juu ya jiwe, taratibu, kama yai. "Itabidi tuitishe kikao."

"Itisheni. Mkae hata mwaka."

Mlango wa wodi ukafunguliwa, muuguzi akachungulia. "Babu, ni wa kike. Nawa mikono uje umpokee."

Fundi akaenda kwenye koki, akanawa hadi viwikoni, wenye mikataba wakimtazama.