Gari la Bwana Mwenyewe Marehemu

Mimi sina hasira za bure. Lakini mtu akiingia karakana yangu na tope viatuni, halafu akaegemeza kiwiko juu ya Mtaliano, ataondoka na maneno ya kumtosha wiki nzima. Ndivyo nilivyofahamiana na mnunuzi.

Mtaliano ni gari. Jekundu, dogo, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma, na liliundwa Italia wakati Mjomba bado ana nywele. Mimi ni fundi wa kushona viti na mapaa ya magari. Mjomba hana banda, kwa hiyo gari limekaa kwangu miaka kumi na tisa, na miaka hiyo nimelishonea mapaa matatu na kuliwasha kila Jumatatu lisisahau kunguruma. Wateja wakiuliza la nani, jibu langu ni moja: la Mjomba, mimi fundi tu.

Sasa mtoto wa Mjomba, binamu yangu tunayemwita Mipango kwa kuwa hajawahi kuwa na kitu kingine, akamleta mnunuzi huyo. Alikuwa mgeni mpole, miwani moja puani, nyingine kichwani, na Kiswahili alichojifunza kitabuni. Mipango alishapanga yote: gari liuzwe, lipakiwe melini, kwaheri. Mjomba akasema haya. Mjomba siku zote husema haya. Hata kuoa, mke ndiye aliyeuliza, yeye akasema haya.

Lakini mimi namjua. Kila Jumapili alasiri huja karakana, anakaa kiti cha abiria, paa chini, injini imezimwa, hatuendi popote. Macho yake hayaoni vizuri tena, hawezi kuendesha. Baada ya saa nzima anapangusa dashibodi kwa leso na kurudi nyumbani amechangamka kama katoka harusini. Gari likienda, Jumapili zake zitakwenda nalo. Na mimi je? Nilijificha nyuma ya marobota ya ngozi bandia nikalia. Nasema wazi, nililia.

Mnunuzi alitaka historia ya wamiliki wote, bila pengo hata moja, ndipo gari lipate hadhi kwao. Nikamsimulia. Wa kwanza alikuwa mhandisi aliyekuja kujenga daraja. Daraja lilipokwisha akagundua gari ni pana kuliko kreti aliyonunua kulisafirishia, akaondoka na kreti. Wa pili alikuwa daktari wa meno. Alilinunua ili ampendeze mwalimu mkuu mmoja, mwalimu akapanda mara moja tu, upepo ukamvua kilemba, kilemba kikamfunika mwendesha baiskeli, na uchumba ukaishia palepale mtaroni. Daktari akambadilishia Mjomba gari kwa kamera.

Na wa tatu? Mnunuzi akafungua kadi ya gari, akasoma polepole: Bwana Mwenyewe Marehemu.

Lahaula. Kumbe hilo neno haya la Mjomba lilianza zamani. Siku ya kusajili, karani alimuuliza mmiliki ni nani, naye akajibu, mwenyewe. Karani akaandika Mwenyewe. Jina la baba? Mjomba, ambaye baba yake walikuwa wamemzika mwezi ule, akajibu kwa huzuni, marehemu. Karani akaandika Marehemu, akagonga muhuri, akamuuliza kama iko sawa. Mjomba akasema haya.

Mnunuzi hakustuka. Kitabu chake hakikufika sura ya misiba. Akaandika jina lote kwenye daftari lake, akaniuliza kama hao kina Marehemu ni ukoo mkubwa. Nikamwambia mkubwa sana, na unaongezeka kila siku.

Basi tukaitwa ofisi ya usajili wa magari, na gari lenyewe lije likaguliwe. Mipango na mnunuzi walitangulia kwa teksi. Niliendesha mimi, Mjomba pembeni, upepo ukimpuliza kipara, anatabasamu peke yake. Mlinzi wa getini akauliza mwenye gari nani. Nikamjibu kwa mazoea kwamba mimi fundi tu. Akaandika kitabuni: Fundi Tu.

Karani wa sasa alikuwa mama mmoja asiye na mchezo, rula mkononi. Akasema sheria ni rahisi. Mwenyewe aje mwenyewe. Kama Mwenyewe ni marehemu, warithi walete cheti cha kifo. Mipango akaruka, akadai huyu mzee ndiye mwenyewe, na ni baba yake mzazi. Karani akataka kitambulisho cha Mipango, akakisoma mbele na nyuma, akasema haoni popote palipoandikwa Marehemu.

"Bado," Mjomba akasema.

Mimi nikang'ata ncha ya mtandio wangu nisicheke. Lakini karani akaweka rula chini, akasema ipo njia ya mkato: mzee akiri tu kwamba jina lilikosewa na kwamba yeye ndiye, atalisahihisha sasa hivi na gari liuzwe leo. Akamtazama.

"Mzee, wewe ndiye mwenyewe?"

Nikafumba macho. Nililijua jibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelisikia, na moyo wangu ulishaanza kulifungia Mtaliano mizigo. Mipango alikwishatoa kalamu.

"Hapana," Mjomba akasema. "Mwenyewe ni marehemu. Kadi ya serikali imesema, mimi ni nani nibishane na serikali?"

Sijawahi kumsikia akisema hapana. Nadhani hata yeye alishangaa, maana aligusa midomo yake. Mipango akarudisha kalamu mfukoni. Apinge vipi, amlazimishe baba yake kuwa hai? Karani akafunga jalada. Mnunuzi, ambaye sasa alikuwa ameulizia neno marehemu kwa mtu kwenye foleni, akavua miwani zote mbili, akatushika mkono mmoja mmoja na kutupa pole kwa msiba wetu.

Tulirudi garini. Mjomba akapangusa dashibodi kwa leso yake, ingawa Jumapili ilikuwa mbali.

Getini mlinzi akafungua kitabu chake, maana kutoka nako kunaandikwa. Akauliza tena mwenye gari nani. Nikavuta pumzi nianze wimbo wangu wa fundi tu, Mjomba akaniwekea mkono begani.

"Mwenyewe huyu hapa," akasema.

Mlinzi akanipa kalamu. Machozi yalikuwa yananitoka, mistari ya kitabu siioni vizuri, nyuma yetu lori linapiga honi. Nikaandika mwenyewe.