Apa, Mtani Wangu

Kapteni Ambéré Kassogué alinichagua mwenyewe, na hilo linanifurahisha mpaka leo. Angeweza kumwita mwanamke yeyote wa Bamako aje kuwapikia wajumbe wa nchi jirani. Akaniita mimi, Pinda Karabenta, muuza samaki wa kukausha, mama wa askari aliyekamatwa na watu wa Kapteni huyohuyo.

Nilijua anachotaka. Alikuwa amepindua serikali, kisha askari wa miamvuli wakajaribu kumpindua yeye, wakashindwa. Mwanangu Baréma alikuwa mmoja wao. Walimchukua nyumbani kwangu akiwa mzima, amevaa kandambili, na tangu hapo sikupewa hata neno moja. Majirani walifunga mipaka, benki zikakauka, na hakuna nchi iliyokubali kumwita rais. Sasa wajumbe walikuja na sharti: wataitambua serikali yake wakihakikishiwa kwamba mateka wote wako hai. Kapteni alishasema kwenye televisheni kwamba mateka wanakula vizuri kuliko yeye.

Mimi ni Mbozo, kabila la wavuvi, yeye ni Mdogon, kabila la wakulima wa vitunguu. Sisi ni watani tangu enzi za mababu. Naweza kumtukana mbele za watu na haruhusiwi kukasirika, naye vilevile kwangu. Ila utani wetu una mwiko: Mdogon hamwagi damu ya Mbozo, wala Mbozo hamwagi ya Mdogon. Kapteni alidhani mwiko huo utanifunga mimi peke yangu. Alitaka wageni wamwone mama wa mateka akicheka naye mezani, wapige picha, watie saini.

Basi nikaenda, nikapika samaki na wali, nikaingia nao mwenyewe.

"Karibu, mla samaki," Kapteni akasema kwa sauti ya kusikika. "Harufu yako imefika kabla yako."

"Heri harufu yangu. Wewe ukipiga miayo tu, vitunguu vya kwenu vinawatoa wageni machozi."

Wajumbe wakacheka. Kiongozi wao, mzee Tiendrébéogo, alicheka kuliko wote, maana kwao pia wana watani.

"Mnamwona huyu mtumwa wangu?" Kapteni akawaambia. "Mwanawe alinielekezea bunduki, na leo mama ananipikia. Ndivyo tulivyo, waheshimiwa. Tunagombana, tunacheka."

"Mtumwa ni wewe," nikamjibu, "na mtumwa humjibu bwana wake. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa."

"Kwa vitunguu?"

Wakacheka tena. Nikaweka sinia mezani.

"Basi niapie, mtani. Msahafu sitaki, huo ulishaushika mbele ya taifa zima na tukaona. Apa kwa damu ya utani wetu kwamba damu ya Baréma haijamwagika. Sema, wageni wapate kula, watie saini, mimi nirudi sokoni."

Tabasamu lake likaganda. Mtu huyu aliapa kuilinda katiba akaivunja, akaapa kurudisha madaraka akayakalia. Uongo kwake ulikuwa kama maji ya kunywa. Lakini kila Mdogon anajua kwamba akiapa uongo kwa damu ile, ukoo wake unakwisha.

"Mama Pinda, chakula kinapoa."

"Kitapashwa moto. Apa."

"Haya ni mambo ya jeshi."

"Ni mambo ya watani. Apa, mtumwa wangu."

Mzee Tiendrébéogo akaweka kijiko chini. "Kapteni, mwapie mama wa watu, tuendelee kula."

Kapteni akafungua mdomo. Akamtazama mlinzi wake, Mdogon mwenzake, na mlinzi akatazama sakafu. Kisha akainama kwangu, akanong'ona, "Yaishe, mama. Nakuomba kama mtani."

Mtani akiomba msamaha hanyimwi. Nilimnyima.

"Ulijitoa kwenye utani siku uliyomwaga damu yetu," nikasema, nikahakikisha meza nzima imesikia. "Usiitwe rais popote. Wanao wakuone haya. Uzeeke ukiombaomba milangoni mwa watu, na usifunguliwe."

Wajumbe waliondoka bila kutia saini, samaki wakabaki kwenye sinia. Habari ikafika kambini kabla ya magari yao kufika uwanja wa ndege, na askari wa Kidogon wakaanza kumkimbia, maana nani atamlinda mtu wa laana ile? Leo amejificha ugenini, hakuna anayempokea. Nikisikia anahangaika nalala vizuri, na simwombi Mungu msamaha kwa hilo.

Wanawake wa sokoni wananipigia vigelegele, eti nilikwenda pale kumwangusha. Waache waseme. Alipofungua mdomo pale mezani, roho yangu yote ilikuwa inamsihi aape. Nilikuwa tayari atambuliwe na dunia nzima, atutawale mpaka afe, mradi aape.

Hakuapa.