Zipora na Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Zipora hakuwa mtu wa kuambiwa "ndivyo ilivyo" akanyamaza. Mikono yake haikumtii tangu utotoni, akahamishia kazi miguuni: kipanya kilikaa sakafuni, naye kwa dole gumba alibofya herufi mojamoja za kibodi iliyochorwa kwenye kioo hadi vitabu vya watu vikachapwa. Kompyuta yenyewe, yenye mfumo wa Linux, ilikaa juu ya kabati kukwepa vumbi la kwao Mkonze. Ikiachwa kidogo, ililala ili kuokoa betri ya sola. Kulala si neno. Kuiamsha ndiyo ilikuwa kazi, maana kitufe kilikuwa huko juu na mguu haufiki.

"Mama, niamshie!"

Mama yake, Josephine, aliacha uwele kwenye ungo, akaja, akabonyeza, akarudi uani. Dada yake mama, Dorothea wa Kondoa, alikuwa amepasuliwa mguu, na kila akipiga simu aliambiwa, "Nitakuja nikipata nafasi." Mama akienda, jioni binamu Gladness angeweza kuja kupika. Lakini mchana nani angebonyeza kitufe? Zipora alijua yeye ndiye kizuizi, na ilimuuma.

Tena swali moja lilimnyima raha: kipanya kinachoendesha kila kitu, kwa nini kishindwe kuamsha? Alisoma huku na kule hadi akagundua kwamba kila kifaa cha USB kina faili dogo linalosema kama kinaruhusiwa kuamsha kompyuta au la. Kipanya chake hakikuruhusiwa. Tatizo, vifaa viliorodheshwa kwa namba tupu. Akaruhusu namba mojawapo, akailaza kompyuta, akabofya. Kimya.

"Mama, niamshie!"

Kumbe alikuwa ameiruhusu kamera. Akajaribu namba nyingine. "Mama!" Na nyingine. "Mama!" Ili aache kumwita mama yake, ilibidi siku hiyo amwite zaidi kuliko siku zote.

"Wewe na hilo dude lako mtaniua!" mama alifoka, pumba zimemjaa mikononi. "Si uliache liwe macho?"

"Litamaliza betri, mama. Mara moja tu."

"Mara moja yako imeanza asubuhi."

"Basi kabla hujatoka, chomoa waya wa kipanya, halafu uuchomeke tena."

Mama akachomoa huku akisonya. Kwenye kioo namba moja ikatoweka; alipochomeka, ikarudi. Zipora nusura apige kelele. Akairuhusu hiyo, akailaza kompyuta, akabofya. Feni ikanguruma, kioo kikawaka. Akailaza tena, akaiamsha tena, akicheka peke yake.

Baadaye mama akasimama mlangoni bila kuitwa. "Mbona kimya?"

"Naiamsha mwenyewe, mama. Nenda Kondoa ukamwone mama mkubwa."

Mama alikitazama kile kitufe. "Haya," akasema. "Kwa hiyo huniiti tena."

Akatoka taratibu. Zipora aliyekuwa akiitafuta siku hii kwa hamu yote akajikuta hana furaha hata chembe.

"Mama!"

Akaja mbio, mkono tayari umeelekea kwenye kitufe.

"Acha hiyo," Zipora akasema. "Njoo ukae. Nimekuita wewe."