Ridi Namba Tatu

Siku ya majaribio Kiraka aliamka kabla ya saa kulia. Alifua soksi zilizokuwa safi, akapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa, kisha akawa anazunguka meza. Majaribio yalikuwa saa nane mchana. Kopo la ridi alikuwa ameapa kutolifungua kabla ya saa nne asubuhi.

"Tulia, mwanangu," shangazi yake alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Unanizungusha kichwa. Nitashona kidole."

"Nimetulia."

"Umetulia kama kuku aliyeona kisu."

Bendi ya redio ilikuwa na kiti kimoja cha saksafoni. Kwa miaka mitano yeye ndiye aliyeitwa mwenye kiti alipougua, alipofiwa au alipokorofishana na mkuu wa bendi. Ndiyo maana wanabendi walimwita Kiraka, na jina likamganda hata nyumbani. Alikuwa akiingia, anavaa koti la asiyekuwepo, anakunja mikono ya koti hilo mara mbili, anapiga sehemu ya mwenye koti, anaondoka. Kiraka kizuri hakionekani. Sasa mwenye kiti alikuwa amestaafu, na waombaji walikuwa wanne.

Mkate wake wa kila siku ulitoka kwenye kliniki ya meno, chumba cha nyuma, ambako alisafisha vifaa. Aliosha, akatia kwenye mashine ya mvuke, akafunga kila kifaa kwenye pakiti yake, akaandika tarehe. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: kilichosafishwa hufungwa papo hapo, na hakifunguliwi mpaka siku ya kutumika. Kwa miaka saba daktari hakuwahi kumrudishia hata koleo moja.

Ridi zake alizitunza kwa sheria hiyo hiyo. Ridi ni kipande cha mwanzi, ncha yake nyembamba kuliko ukucha, kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni. Pumzi ikipita hutetema, na hapo ndipo sauti huanzia. Alikuwa nazo tano, kila moja ina namba ya penseli kwenye shina. Baada ya kupiga aliiosha kwa maji safi, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka shina kwenda ncha, kamwe si kinyume chake, akailaza kati ya vioo viwili vidogo vya maabara, akavifunga pamoja kwa mpira, akavitia kwenye kopo.

Namba moja na namba mbili zilikuwa zimelegea kwa uzee. Namba nne ilikuwa imemeguka ncha. Namba tano ilikuwa ngumu na yenye kisirani. Aliipiga kila asubuhi kwa mazoezi, kwa sababu ikiharibika haingemuuma. Namba tatu ndiyo aliyoitegemea. Sauti ya chini kabisa, inayowatoa jasho wapigaji wengi, ilitoka kwenye namba tatu bila kusukumwa. Aliipiga siku nne tu, akaogopa kuimaliza. Wiki sita kabla ya majaribio aliiosha, akaifuta, akaitia kwenye kopo lake peke yake, akazungushia utepe wa kliniki usiopitisha hewa na kuandika tarehe juu.

"Vizuri," shangazi alimwambia siku ile. "Akiba haiozi."

Saa nne kamili alikata utepe. Harufu ndiyo iliyotangulia, ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Aliinua kioo. Ridi ilikuwa na madoa meusi, kama pilipili manga iliyomwagika, na ncha yake haikuwa tena mstari ulionyooka. Ilikuwa imepanda na kushuka kama bati la paa.

"Imeoza," alisema.

"Nini?"

"Akiba."

Shangazi alisimamisha cherehani, akaja, akainama juu ya meza, akakunja pua. "Basi hiyo haikuwa akiba, mwanangu. Huo ulikuwa uchoyo."

Kiraka alifungua kabati la dawa. Alimimina dawa ya kuoshea vidonda kwenye kikombe cha chai, akatumbukiza ridi. Povu jeupe lilipanda. Alisubiri dakika kumi na tano kamili, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua saba kwenda, saba kurudi. Alipoitoa madoa yalikuwa yamefifia. Ncha ilikuwa vile vile. Aliifunga kwenye saksafoni, akapuliza. Ilitoka pumzi tupu.

Alichukua ala yake na makopo yote mawili, akatoka karibu mbio.

Fundi wa ala za kupuliza alikuwa na chumba nyuma ya duka la baiskeli. Watu walimwita Fundi Bomba, kwani alianzia kwenye mabomba ya maji kabla ya kuhamia kwenye ya muziki, na hadi leo aliyetaka kumkasirisha alimuuliza kuhusu vyoo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama, lakini mahali pamoja. Unanitikisia meza."

Aliinyanyua namba tatu kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akaigeuza.

"Uliifunga mbichi?"

"Niliifuta."

"Kufuta siyo kukausha. Ukafungia na nini?"

"Utepe wa kliniki. Hewa haipiti kabisa."

"Haipiti, naona." Aliiweka chini. "Chuma ukikifungia hivyo kitakushukuru. Huu ni mwanzi, binti. Unakunywa maji, na lazima uyatoe. Wewe umeuzika mzima."

"Nimeiosha kwa dawa. Vijidudu vimekufa."

"Vimekufa, na yenyewe imekufa. Msiba mmoja, maziko ya pamoja." Alicheka peke yake. "Hizi nyingine mbona hazina ukungu?"

"Nazifungua kila siku."

"Umejijibu."

Kiraka alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Duka la ala lililokuwa na ridi mpya lilikuwa safari ya nusu siku, na ridi mpya ingehitaji siku kadhaa za kulainishwa. Alipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile.

"Toa unayoipiga kila siku," Fundi Bomba alisema.

"Hiyo ni ya mazoezi. Haina adabu."

"Sikukuuliza tabia yake. Itoe."

Aliilowesha namba tano, akaifunga, akapiga sauti ya chini. Ilikoroma kwanza, ndipo ikatoka. Alirudia. Ikakoroma.

"Wimbo wako unaanzaje?"

"Kwa sauti hiyo hiyo. Taratibu mno, kama haipo, halafu inakua."

"Hii haiwezi kuanza kama haipo. Inataka pumzi." Alitandika msasa laini juu ya kioo, akalaza mgongo wa ridi juu yake, akausugua mara tatu, akihesabu kwa sauti kama mtu anayempa mgonjwa dawa. "Anza kwa nguvu zote, kisha uishushe. Geuza wimbo kichwa chini."

"Mkuu wa bendi anapenda taratibu."

"Yupo hapa? Piga."

Alipiga. Mara ya tatu sauti ilitoka mara moja, nzito, ikajaza chumba hadi vyuma vya baiskeli upande wa pili wa ukuta vikaitikia. Mtu dukani akauliza kwa ukali kuna nini.

"Choo kimeziba!" Fundi Bomba akamjibu.

Majaribioni Kiraka alikuwa wa mwisho kuitwa. Aliyemtangulia alitoka akipiga mluzi, jambo ambalo halikumsaidia Kiraka kutulia. Ukumbi wa mazoezi aliujua vizuri: viti kumi na viwili, zulia lililochakaa mbele ya wapiga ngoma, waya usiopaswa kukanyagwa. Mkuu wa bendi alikaa katikati na penseli, karani wake pembeni. Ngazi za sauti zilikwenda salama. Karatasi ya noti za kusoma kwa mara ya kwanza aliipiga na kosa moja, kwenye mstari wa nne, na penseli ikaliandika.

"Wimbo wa kuchagua," mkuu alisema.

Kwa miaka mitano katika ukumbi huu hakuwahi kupiga sauti kubwa kuliko jirani yake. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akaipa ridi pumzi yote.

Karani aliruka kitini. Sauti ilisimama katikati ya ukumbi, haikukoroma. Kiraka akaanza kuishusha, kidogo kidogo, hadi ikawa uzi, na kutoka kwenye uzi huo akaingia kwenye wimbo. Mahali pawili ridi ilimkatalia na akalazimika kusukuma. Hapo wimbo ulisikika mkali kuliko ulivyoandikwa. Alimaliza, akabaki amesimama, akibadilisha mguu.

"Wewe ndiye unayekuja kutusaidia?"

"Ndiyo, mkuu. Huu mwaka wa tano."

"Sikumbuki kukusikia."

"Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, mkuu."

Penseli iligonga meza mara mbili. "Subiri nje."

Nje palikuwa na benchi. Hakukaa. Aliifungua ridi, akaiosha bombani mwisho wa korido, akaifuta kutoka shina kwenda ncha, kisha akagundua hana pa kuiweka. Kopo hakutaka kulifunga. Alitembea nayo mkononi, hatua ishirini na nne kwenda, ishirini na nne kurudi. Alikuwa amehesabu safari kumi na moja mlango ulipofunguliwa na karani akampa karatasi.

"Jaza, uilete Jumatatu saa tatu. Mshonaji anataka vipimo. Urefu wa mkono, mabega, kiuno."

"Vipimo vya nini?"

"Vya koti lako," karani alisema kwa uchovu. "Au utaendelea kuvaa la marehemu?"

"Alistaafu tu."

"Basi la mstaafu. Jumatatu."

Jioni jua lilikuwa bado dirishani. Namba tano ililala juu ya kioo kimoja, bila kifuniko, mbali na jua, na Kiraka alikuwa ameshakwenda kuigusa mara nne kuona kama imekauka. Shangazi alimfuata na futi ya kushonea shingoni, penseli mdomoni.

"Nyoosha mkono. Hamsini na... umeusogeza. Nyoosha."

"Ngoja niangalie upande wa chini, Shangazi, huenda bado una maji."

"Uache mwanzi ukauke!" Shangazi alimshika kiwiko, akakirudisha mahali pake. "Miaka mitano unavaa mikono ya watu. Leo napima wa kwako, nawe hutaki kutulia. Nyoosha, tuanze upya."

Alinyoosha mkono. Macho yalibaki kwenye kioo.