Dozi Ile Ile

Katika darasa lao la uuguzi walikuwa wamebaki watatu. Wengine walikwisha kutangulia, na hawa watatu nao walikuwa mguu ndani mguu nje, kama walivyopenda kusema wenyewe huku wakicheka. Aliyekuwa kiongozi wa darasa waliendelea kumwita Matroni, ingawa siku hizi alitawala kuku wake tu na binti yake aliyerudi nyumbani baada ya kuachika. Redio aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na pa kuzimia. Wa tatu alikuwa Pamba, mwenye mikono laini. Enzi zake mgonjwa alikwisha kuchomwa sindano, naye bado anauliza atachomwa lini.

Kila asubuhi, chai ikishamiminwa, walikabidhiana zamu kwa simu. Redio alimpigia Pamba, Pamba akampigia Matroni, na kila mmoja akaueleza mwili wake kama wodi. "Kitanda cha kwanza, goti la kulia, halijalala, linatukana watu. Kitanda cha pili, presha, leo imetulia, inajifanya malaika." Anayepokea zamu alitoa maagizo, na mwenzake akaitikia, "Sawa, Sista," kama walivyoitikia wodini ujanani. Mwenye uchungu aliutoa humo humo kwenye mzaha, na hakuna aliyelazimika kusikia kilio cha mwenzake.

Pamba alikuwa na mgonjwa wa kweli. Mumewe, mwalimu mstaafu, alipooza upande mmoja na ulimi ukawa mzito. Waliishi wawili tu, mtoto wao yuko ng'ambo.

"Kitanda cha mwisho, mzee," alisema Pamba asubuhi moja. "Hajalala. Usiku kucha anamwita mama yake. Anataka kwenda shule, eti kengele imelia na watoto wanamngoja."

"Si alipewa vidonge vya usingizi hospitali?"

"Vipo, Sista. Kopo zima."

"Basi mpe huyo! Asubuhi, mchana, jioni, mpaka nitakaposema basi. Alale, nasi tupumue."

Matroni alicheka mpaka chai ikampalia. Binti yake akaja kumpiga mgongoni.

"Mama, nyinyi mnacheka nini kila siku?"

"Tunaucheka uzee, mwanangu, kabla haujatucheka."

Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi ile alicheka peke yake. Pamba alisema tu, "Sawa, Sista," akakata simu.

Siku zilizofuata kitanda cha mwisho kilikuwa kimetulia. "Safi. Endelea na dozi ile ile," Matroni alisema, huku akipuliza chai, akili yake iko kwenye kuku aliyekuwa akikohoa. Pamba akaongeza vichekesho vipya. Mara daktari wa zamu hajapita. Mara shuka hazijarudi kutoka kwa dobi wa hospitali. Matroni alijishika mbavu. Huyu mwenzetu, alijiambia, uzee umemtia utamu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo sauti ya Pamba ilikuwa imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Kitanda cha mwisho hasumbui tena, Sista. Hali chakula. Midomo imekauka. Ukimgeuza anageuka kama gunia. Ila dozi hakosi. Nasaga, nampa kwa kijiko, nasubiri ameze."

Kikombe cha Matroni kilibaki hewani.

"Pamba. Acha mzaha."

"Mzaha gani, Sista?"

"Unampa kweli?"

"Ulivyoagiza. Mpaka utakaposema basi."

"Basi! Nasema basi, unanisikia?" Lakini simu ilikwisha kukatwa. Alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

Akampigia Redio. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimkatiza maneno.

"Redio, Pamba yukoje?"

"Mzima! Mtundu tu. Juzi kaniuliza mama yangu hajambo. Mama yangu, shoga, ambaye yeye mwenyewe alinisaidia kumwosha alipokufa! Nikamwambia hajambo, anakusalimu. Tukacheka." Redio akanyamaza, na ukimya wa Redio ulitisha kuliko maneno yake. "Tulicheka, au nilicheka mimi?"

Matroni alikata simu. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akamwambia binti yake aite teksi. Njiani alijaribu kuhesabu vidonge vingapi vinaweza kuwa vimeingia katika mwili ule mkavu, kisha akaogopa jibu, akaacha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Msemo huo walikuwa wakiwaambia wagonjwa waliochezea vidonda. Leo kidonda kilikuwa chao.

Nyumba ya Pamba ilikuwa imefungwa mapazia. Jirani, fundi seremala, alikuwa akipiga randa ubao barazani kwake.

"Mwalimu sijamwona kitambo, mama," alisema. "Bibi anasema bado si saa ya wageni."

"Usiende mbali, baba. Na wewe dereva, nisubiri hapo hapo."

Pamba alifungua kabla Matroni hajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi na viatu visivyotoa sauti. Alimwingiza Matroni, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia kifuani.

Sebuleni makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Katikati palikuwa na vitanda viwili, na dawa ya kuoshea sakafu ilinuka mpaka machoni. Kitanda kimoja kilikuwa kitupu, shuka imekunjwa pembeni kwa ule mkunjo waliochapiwa vidole chuoni mpaka wakaujua. Kwenye cha pili alilala shemeji yake, mume wa Pamba.

Alikuwa safi kuliko mtoto mchanga. Amenyolewa ndevu, amekatwa kucha. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na pumzi ilikuja, ikakaa mbali, ikaja tena kama isiyo na hakika ya njia. Matroni alimshika mkono. Mapigo yalikuwepo, madogo, kama ya ndege.

"Shemeji. Mimi hapa."

Kope zilitikisika, basi.

Pamba alikuwa mezani, anasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko.

"Acha hiyo, Pamba. Dozi imesimamishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Pamba aligeuka, akamtazama usoni kwa upole. "Samahani, mama. Wewe ni ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi Matroni! Tumelala chumba kimoja chuoni, kanga zangu ulikuwa ukizivaa wewe!"

"Sista yuko kwenye simu," alisema Pamba taratibu, kama anayemtuliza mtu aliyefiwa. "Maagizo yake yote huniagiza kwa simu. Siwezi kupokea ya mgeni."

Akachanganya unga na maji, akaja kitandani. Matroni alisimama katikati. Walikuwa wazee wote wawili, lakini Pamba alikuwa amezoea kuwainua wanaume, na mkono ule laini ulimsogeza kando kama pazia. Kijiko kilikuwa kimefika kwenye midomo ya mzee.

Matroni alichomoa simu, akageukia ukuta, akapiga.

Mfuko wa gauni jeupe uliita. Kijiko kikasimama.

"Naam, Sista," Pamba alisema nyuma yake. Sauti ilimfikia mara mbili, moja kutoka chumbani na moja kutoka sikioni.

"Pamba." Alitoa sauti ya wodini. "Kitanda cha mwisho anahamishwa. Hakuna dozi tena. Fungua mlango, wabebaji waingie."

"Sawa, Sista."

Ufunguo ulilia kwenye kitasa. Matroni alipowapungia, seremala na dereva waliingia wakikanyaga kama wezi, wakambeba mwalimu pamoja na godoro lake. Pamba aliwashikia mlango, akawaonya wasimgonge mgonjwa miguu. Mzee alipopita kwenye mwanga, jicho lake zima lilifunguka, likamtafuta mkewe, likafumba.

"Anapumua?" Matroni aliuliza.

"Anapumua, mama," seremala alijibu, bila kumwangalia. "Twende upesi."

Teksi iliondoka kwenda hospitali bila Matroni. Pamba hangeweza kuachwa peke yake. Matroni alirudi ndani, simu bado sikioni. Hakukuwa na pa kukaa isipokuwa kitanda kile kitupu, akakaa ukingoni.

"Sista," sauti ilisema kwenye simu, chini chini. "Kuna bibi mmoja amebaki hapa. Anatetemeka, na anaonekana hajalala vizuri. Nimwanzishie?"

"Hapana," Matroni alisema. "Hapana, Pamba. Asipewe chochote. Umesikia? Chochote."

"Sawa, Sista."

Pamba aliweka simu mezani. Alifunga mlango, akaurudisha ufunguo kifuani, akachukua kikombe cha dawa na kijiko. Alikuja akitabasamu, akamwekea mkono laini nyuma ya shingo.

"Usiogope, mama," alisema. "Sista anasema utulie. Fungua mdomo."